Mwaka Niliomfundisha Kabula Kusema

Mwezi uliopita wanafunzi wangu wa kwanza walinialika chakula cha mchana Makanyagio, hapa Mpanda, nyumbani kwa Odetha, ambaye sasa ni muuguzi na ana sebule yenye makochi ya kuzama. Walikuja tisa. Niliwafundisha wakiwa na miaka mitano, sita, katika darasa la awali la shule moja ya upande wa Magamba, miaka ishirini iliyopita, na sasa wana ndevu na vitambi na watoto wao wenyewe wanaolilia pipi dukani. Tulikula wali na kuku wa kienyeji. Nilikatazwa hata kunyanyuka kwenda kunawa, nikaletewa birika na beseni pale pale nilipokaa, na nilifurahi, sitaki kusema uongo. Halafu mmoja wao, fundi pikipiki, aliyekuwa anamtania mwenzake kwa kuropoka jambo la siri kwenye kundi lao la WhatsApp, akabana pua na kusema kwa sauti ya kitoto: "Ng'ombe wanakula mahindi ya Mzee Deusi!" Wote wakaangua kicheko. Ndipo nilipotambua kuwa huo ni msemo wao, wanautumia miaka yote hii kwa mtu yeyote anayemwaga siri bila kujua. Mwingine akauliza, "Hivi yule Kabula mwenyewe aliendaga wapi?" Hakuna aliyejua, wakaendelea kula. Mimi nilikuwa na paja la kuku mkononi nikashindwa kulimaliza. Odetha akaniinamia akauliza kwa sauti ndogo, "Madam, pilipili imezidi?" Nikamwambia ndiyo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwa mwalimu kwa karatasi yoyote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hata mama yangu aliacha kuyaulizia, na shule ilinichukua kwa kujitolea kwa sababu hakuna mwalimu wa kweli aliyetaka darasa la awali. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, mkoa wetu wa sasa hata haujazaliwa. Darasa langu lilikuwa stoo ya zamani ya mahindi ya shule. Lilinuka dawa ya kuhifadhia nafaka, na jua la saa nne likipiga bati tulikuwa tunatoa jasho wote pamoja, mimi na watoto sitini na kitu waliokaa kwenye mikeka. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa matofali yasiyofika juu, na upande wa pili ndiko kulikokuwa na ofisi ya walimu, kwa hiyo kila nilichofundisha walikisikia, na kila walichosema juu yangu nilikisikia. "Yule binti ana kimbelembele," nilimsikia Mwalimu Mkuu akisema wiki yangu ya pili. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nacho, tena kingi.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafanya watoto waseme. Nyumbani walisema Kisukuma, Kikonongo, Kifipa, Kirundi, na Kiswahili walikuwa wanakisikia redioni na gulioni tu. Shule ilinipa kitabu kimoja cha picha, chenye meli na ghorofa na mtoto mwenye soksi nyeupe anayepiga mswaki. Nikiuliza "Hii ni nini?" darasa zima lilinguruma "Hiii ni meliii!" mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye bati. Lakini nikimsimamisha mmoja na kumuuliza meli inafanya nini, inakwenda wapi, nani yumo ndani, mtoto alikuwa ananikodolea macho, kisha anatazama miguu yake. Nilikasirika sana, kwanza na watoto, halafu na kitabu. Wakati huo shule ilikuwa inajenga choo, na mifuko mitupu ya saruji ilikuwa inatupwa nyuma ya darasa langu. Nikaichana, nikapangusa unga, nikaanza kuchora upande wa ndani ulio safi kwa makaa na kalamu nene za rangi. Nilichora mama anatwanga. Nilichora mtu kaanguka na baiskeli yenye magunia. Nilichora mbuzi kaingia jikoni, na siku hiyo ya mbuzi watoto wanne walisema kwa mpigo bila kuulizwa.

Kutokana na mbuzi yule nikajitungia sheria, na kwa sheria hizo nilijiona profesa. Ya kwanza ilikuwa kwamba kila mtu aliye kwenye picha lazima apewe jina, na jina liwe la mtu unayemjua. Niligundua kuwa mtoto ukimwambia "huyu ni mwanamke" ananyamaza, lakini akisema "huyu ni shangazi Maria" maneno yanamtoka yenyewe, kwa sababu shangazi Maria ana kelele, ana kuku, ana mguu unaouma. Ya pili ilikuwa kwamba darasani kwangu hakuna "sijui." Ukiulizwa swali juu ya picha na picha haijakwambia, buni, lakini jibu kwa sentensi nzima. Nikiuliza "Anatoka wapi?" sikutaka "Sokoni." Nilitaka "Shangazi Maria anatoka sokoni." Aliyejibu hivyo nilimsifu mpaka akavimba kichwa. Sheria hizo zilifanya kazi, na zinafanya kazi hadi leo. Nimewafundisha walimu wengi vijana njia hiyo hiyo, kwenye semina, nikiwa nimesimama mbele yao na tabasamu, na kila mara nafika kwenye "buni" na kupita haraka.

Kabula aliletwa na baba yake mwenyewe, Masanja, jambo lililokuwa geni, maana watoto wa wafugaji wachache waliofika shuleni waliletwa na kaka zao au walijileta. Masanja alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shuka begani na kandambili za tairi. Alimshusha mtoto kwenye baiskeli akamsimamisha mbele yangu akiwa amemshika bega. "Mwalimu, mimi sina maneno mengi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kupapasa. "Huyu nataka aseme. Sisi tukienda ofisini tunaangaliana tu. Wanaandika, tunaweka dole gumba, tunatoka. Hatujui tumekubali nini. Huyu atatusemea." Mtoto alikuwa na miaka sita, kichwa kimenyolewa, gauni la kaniki lililofika chini ya magoti. Nikamwahidi Masanja kuwa kufikia mavuno binti yake atakuwa anasema kama mtangazaji wa redio. Nilipenda kuahidi siku zile.

Wiki nane Kabula hakutamka neno. Hata uji wa saa nne alikuwa anapokea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, anakwenda kukaa peke yake ukutani. Nilijaribu kumbembeleza, nikajaribu kumkemea, nikajaribu kumkalisha na Odetha aliyekuwa na mdomo wa watu watatu. Wapi. Siku moja ya mvua nilitundika picha ya zizi, lenye ng'ombe na ndama, nikaanza kuuliza majina. Nilikuwa nimechora ndama vibaya, miguu mirefu mno, na nilikuwa nimeona aibu kidogo. Kabula akasimama, akapita katikati ya wenzake bila kuombwa, akaweka kidole kwenye ndama. Akataja jina lake kwa Kisukuma, kisha akanigeukia, akavuta pumzi, akasema kwa Kiswahili: "Ndama huyu ni wetu. Ndama huyu anaumwa mguu." Wenzake wote wakageuka kumtazama. Nikamuuliza anaumwa kwa nini, akajibu. Nikamuuliza nani anamtibu, akajibu. Nikamuuliza mpaka kengele ikalia, na kila jibu lilikuwa sentensi nzima. Kumbe alikuwa anasikiliza wiki zote nane, sheria zangu zote alikuwa nazo kichwani. Nilitoka nje nikalia kama mtu aliyefiwa, kwa furaha.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama yake Odetha. Mama Odetha alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, na aliolewa na mtu wa Magamba ambaye muda mwingi alikuwa machimboni. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa sahani, na mlango wa pazia uliotazamana na jiko, kwa hiyo niliishi ndani ya maongezi ya watu. Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, au maharage, na majirani walikuwa wanapita kukopa moto na kuacha habari. Tangu mwezi wa pili habari zilikuwa moja tu: mahindi yanaliwa. Alfajiri mtu anakwenda shambani anakuta kwato. Mwenye hasara kubwa alikuwa Mzee Deusi, ambaye alikuwa anapita shuleni kila asubuhi na baiskeli yake na kuwasalimia watoto kwa majina. Kaya tatu zilikuwa na mifugo upande ule wa mto, na ya Masanja ilikuwa mojawapo, lakini kwato hazina jina. Nilimsikia mtendaji wa kijiji akisema pale pale jikoni, akiwa amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, kwamba uongozi umechoka: akipatikana mmoja kwa ushahidi, ataondoka kijijini yeye na ng'ombe wake wote, iwe fundisho. "Ushahidi tu," alisema. "Mtu mmoja aseme nimeona." Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa nachora.

Nilichokuwa nachora kilikuwa picha za kikao cha wazazi. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akaniambia kuwa wazazi wanauliza kama chekechea wanasoma au wanacheza, niandae kitu cha kuwaonyesha. Nikaamua kuandaa hadithi ya picha nne kwenye mfuko mmoja. Picha ya kwanza ilikuwa baba na mtoto wanatoa ng'ombe zizini. Ya pili, ng'ombe wameingia kwenye mahindi. Ya tatu, mwenye shamba anafika. Ya nne, ng'ombe wametolewa na watu wawili wanashikana mikono. Ndiyo, kichwa changu kiliniambia kuwa nitawaonyesha wazazi kuwa watoto wanasema, na hapo hapo niwafundishe wazazi ujirani mwema. Ndege wawili kwa jiwe moja, nilijisemea. Mwalimu Mkuu alizitazama akasema, "Safi, mada ya wakati huu kabisa." Mama Odetha ndiye peke yake aliyesita. Alisimama kwenye pazia na mwiko mkononi, akatazama ile picha ya pili. "Yewe, mwanangu. Ng'ombe kwenye mahindi? Si uchore hata kuku?" Nikamwambia ni hadithi tu, Mama, watoto wanajua ni hadithi. Akasema, "Watoto, ego, ndiyo wanajua. Na wakubwa?" Nikacheka. Na wa kusimulia nilimchagua Kabula, kwa sababu kila mzazi alimjua kuwa ndiye bubu wa darasa langu, na nilitaka waone nilichofanya.

Kikao kilifanyika asubuhi, uwanjani, kivuli cha jengo la darasa la saba. Wazazi walikaa kwenye madawati, Mzee Deusi mstari wa mbele kwa sababu alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na mtendaji pembeni yake. Mama yake Kabula alikaa nyuma kabisa chini, na mtoto mchanga mgongoni. Masanja hakuwepo, alikuwa na ng'ombe. Nilitundika mfuko wangu wa saruji kwenye ubao, nikampa Kabula fimbo ya kuonyeshea. Alipofika kwenye picha akainua fimbo. "Picha ya kwanza," alisema, sauti ikafika hadi nyuma. "Huyu ni baba. Huyu ni mimi. Baba anatoa ng'ombe zizini." Wazazi wakapiga makofi. Mama yake akafunika mdomo kwa khanga. "Picha ya pili. Ng'ombe wanakula mahindi." Akasita. Mahindi yalikuwa ya mtu, na mtu lazima awe na jina, jina la mtu unayemjua. Akatazama mbele yake. Mzee Deusi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka alipo, akimtabasamia. "Ng'ombe wanakula mahindi ya Mzee Deusi."

Kwanza watu walicheka, hata Mzee Deusi alicheka. Halafu kicheko kikaisha upande mmoja, kikaisha na upande wa pili. Mzee Deusi akaegemea mbele, akamuuliza kwa upole kabisa, "Ilikuwa lini hiyo, binti yangu?" Na Kabula, ambaye darasani kwangu hakukuwa na "sijui," akajibu: "Ng'ombe waliingia alfajiri." Mtendaji akauliza, "Baba yako alikuwa wapi?" Akajibu: "Baba alikuwa amesimama njiani." "Alifanya nini?" "Baba alisema tusipige kelele." Hapa lazima niseme jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa nimesimama kando ya ubao, na nilielewa kinachotokea kuanzia swali la kwanza. Mdomo wangu ulikuwa mzima. Ningeweza kusema "Basi, Kabula, kakae." Lakini alikuwa anasema vizuri mno. "Alikuwa amesimama" sikuwahi kumfundisha, aliyaokota mwenyewe mahali fulani akayaweka pale pale panapostahili, na kitu cha kijinga ndani yangu kilikuwa kinasubiri sentensi inayofuata. Nilimwacha ajibu maswali matatu. La nne nikamshika mkono. Nyuma, mama yake alikuwa anageuza kichwa huku na huku akiwauliza watu kwa Kisukuma, wamesema nini, mwanangu amesema nini, na hakuna aliyemjibu.

Nilijieleza. Mungu anajua nilijieleza siku ile na siku zilizofuata mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia mtendaji kuwa mimi ndiye niliyechora hao ng'ombe, mimi ndiye niliyewaweka kwenye mahindi, na mimi ndiye niliyemfundisha kuweka jina la anayemjua. Alinisikiliza huku akiutoa mfuko wa saruji ubaoni na kuukunja. "Mwalimu, mtoto wa miaka sita atatunga hayo yote?" Nikasema ndiyo, atatunga, nimemfundisha kutunga. Akanitazama kwa huruma. "Mtoto mdogo hasemi uongo. Hata wewe unajua." Nikasema si uongo, ni hadithi. Akauliza tofauti yake nini. Akaondoka na picha yangu kwapani kama kielelezo. Kwa Mwalimu Mkuu sikupata hata huruma hiyo. Kupitia ule ukuta nilimsikia akiwaambia wenzake kuwa yeye picha hizo hakuziona kabla. Nilikaa kwenye mkeka wa watoto, nikatazama yale matofali ya juu yasiyofika bati, nikafikiri nipige kelele kuwa aliziona, akasema safi. Sikupiga.

Jioni hiyo Mama Odetha aliniletea chakula chumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanitazama nikishindwa kula. Nilimwambia nitakwenda mjini, kwa mkuu wa wilaya, nitaandika barua. "Utaandika nini?" aliniuliza. "Wewe mwenyewe barua ya kazi huna." Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na Odetha aliyekuwa akipakua maharage nje. "Nyamaza, mwanangu. Sisi hapa tumefika kwa kunyamaza. Karatasi zangu za kuishi hapa ziko ofisini kwao hao hao. Wakikuuliza unakaa kwa nani, utawaambia nini?" Sikuwa nimefikiria hilo. Barua sikuandika. Mtu akinisoma leo ataniona mwoga, na sina ubishi naye, lakini namwomba akumbuke kuwa mwoga naye ana chumba alichopangishwa na mtu.

Baraza lilikaa siku tatu baadaye. Nilisimama nyuma, miongoni mwa wanawake. Mzee Deusi alisema kwa ufupi, bila chuki. Alisema mahindi yale yalikuwa chakula cha wajukuu zake, na kwamba yeye na Masanja hawajawahi kugombana. Nataka niliandike hili, maana watu wanapenda hadithi iwe na mbaya wake, na Mzee Deusi hakuwa mbaya. Alikuwa na njaa inamjia na hajui amshike nani. Kisha wakamwita Masanja, wakampa mtu wa kumtafsiria. Mtendaji akanyanyua mfuko wangu wa saruji ili watu wote waone, akamuuliza kama ni kweli alisimama njiani ng'ombe wakila. Masanja aliitazama ile picha. Sijui kama alijiona. Halafu akasema mwenyewe kwa Kiswahili, hakumngoja mtafsiri: "Mwanangu ameshasema. Mimi nitasema nini?" Mtendaji akamuuliza kama anakubali. Akarudia vile vile, "Mwanangu ameshasema," akakaa. Watu wakaguna kwa kuridhika, wakaona amekiri. Wakampa siku saba aondoke na mifugo yake yote.

Nimelala na kuamka na maneno hayo miaka ishirini. Upo uwezekano kwamba ng'ombe waliingia kweli, kwamba alisimama njiani kweli, na kwamba binti yake aliona na akasema. Na upo uwezekano kwamba hakukuwa na lolote, na kwamba mtu yule, aliyempeleka mtoto shule ili awasemee, hakuwa tayari kusimama mbele ya kijiji kizima na kusema mtoto wake ni mwongo siku ya kwanza aliyofungua mdomo. Kuna siku naamini hili, kuna siku naamini lile, inategemea nimeamkaje. Pale kwa Odetha, wale vijana walipokuwa wanacheka, niliona kuwa wao hawana mashaka yoyote. Kwao Kabula ni mtoto aliyemwaga mtama kwenye kuku wengi, basi. Nilitaka kuwaambia. Lakini walikuwa wamenialika kwa upendo, wamevaa vizuri, mmoja alikuwa amekuja na mkewe kutoka Kibaoni ili tu anione. Nikanywa soda yangu.

Kabula hakurudi darasani baada ya kikao. Siku ya sita kati ya zile saba nilikwenda kwao, kwa miguu, kuvuka mto. Walikuwa wamekwisha kufungasha mizigo. Masanja na kijana wake mkubwa walikuwa wametangulia na ng'ombe, wakielekea kusini, na zizi lilikuwa tupu, samadi bado mbichi. Nyumba ilikuwa imebaki na sufuria, magodoro yaliyoviringishwa na kuku waliofungwa miguu. Mama yake Kabula alikuwa ameketi juu ya gunia akinyonyesha. Nilimwamkia, akaitikia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kuomba msamaha, na sasa nikagundua kuwa sina lugha ya kuuombea. Nilisema kwa Kiswahili kwamba kosa ni langu. Akanitazama, akatafuta maneno, akayapata polepole. "Mayu, tulimleta aseme," alisema, akiniita mama kwa lugha yake. "Amesema." Hakukuwa na kejeli ndani yake. Nadhani alikuwa ananishukuru, au anajaribu, maana aliongeza, "Wabeja," asante kwa Kisukuma.

Kabula alitoka nyuma ya nyumba akiwa amebeba kibuyu. Aliponiona akakiweka chini, akapiga goti, kisha akasimama wima mikono imenyooka, kama darasani. "Mwalimu, sikumaliza," alisema. Sikumwelewa. "Picha zilikuwa nne. Mimi nilisema mbili." Alikuwa na wasiwasi usoni, wasiwasi wa mtoto aliyeharibu kazi, na nikaelewa kuwa siku zote zile, watu wakipiga kelele na mama yake akifunga vyombo, yeye alikuwa anaamini kuwa wanahama kwa sababu hakumaliza hadithi. Hakuwa na picha, ilikuwa kwa mtendaji. Akanyoosha kidole hewani, mahali ambapo ingekuwa imetundikwa. "Picha ya tatu. Mzee Deusi anakuja shambani. Mzee Deusi amekasirika, lakini hana fimbo. Baba anasema, nisamehe, mzee mwenzangu, ng'ombe walinizidi nguvu. Picha ya nne. Ng'ombe wametoka kwenye mahindi. Baba na Mzee Deusi wanashikana mikono. Mzee Deusi anasema, kesho tutapanda mengine. Sisi tunarudi nyumbani. Hadithi imeishia hapo." Sijawahi, kabla wala baada, kumsikia mtoto wa umri ule akisema Kiswahili namna hiyo. Tulikuwa watu watatu na mtoto mchanga, na mmoja wetu hakuelewa.

Nilichuchumaa mbele yake. Swali lilikuwa limenijaa mdomoni: Kabula, ng'ombe waliingia kweli? Baba alisimama njiani kweli? Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kuniambia, na baada ya siku ile asingekuwepo tena. Alikuwa ananitazama, anasubiri niulize, kwa sababu baada ya hadithi mwalimu huuliza maswali. Na nilijua kabisa kuwa nikiuliza atanijibu. Atanijibu papo hapo, kwa sentensi nzima, bila kusema sijui, na mimi sitakuwa na njia yoyote ya kujua kama anakumbuka au anabuni. Nikamwambia amesema vizuri sana. Akatabasamu, akainama akachukua kibuyu chake, akaenda kumsaidia mama yake kufunga mlango.